Ziwa Moja Si Nyumba Moja

Kila tangi la vioo linapoingia sebuleni, iwe Bukoba mjini, Kaagya au Muleba, mshauri hakosekani. Na ushauri wake ni uleule: usisumbuke na samaki wa rangi wa dukani, shuka ufukweni ukachukue wa hapa hapa ziwani; wamezaliwa maji yaleyale, wataelewana. Kauli hii inarudiwa kwa uhakika mkubwa mno, na mimi naipinga. Samaki kutoka ziwa moja si sababu ya kuwatia kwenye tangi moja, na wanaoieneza imani hiyo wanaua samaki wa watu.

Sisi wa ukanda huu tungepaswa kuwa wa mwisho kuiamini. Sangara, mla samaki wenzake, alipandikizwa Ziwa Viktoria katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Wakati huo ziwa lilikuwa la furu, samaki wenyeji wa aina nyingi. Uchunguzi wa nyavu za kukokota uliofanywa kati ya 1969 na 1971 ulikuta kwamba takriban asilimia 80 ya uzito wa samaki wa chini ni furu. Sangara alipofurika katika miaka ya 1980, furu wa maji ya kina na ya wazi walitoweka karibu wote katika Ghuba ya Mwanza, ambako watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden na wenzao wa Tanzania walikuwa wakiwafuatilia tangu 1977. Baadhi ya aina zilirudi baadaye, nyingi hazikurudi. Ziwa hili lina kilomita za mraba zipatazo 68,800, na bado furu walikosa pa kujificha. Watapapata wapi ndani ya tangi la lita 240?

Nitajibiwa kwamba sangara alikuwa mgeni. Ni kweli. Basi tumtoe, tubaki na furu peke yao, wenyeji kwa wenyeji, tuone kama amani inakuja.

Ziwa Viktoria lilikauka na kujaa upya miaka elfu kumi na tano hivi iliyopita, na ndani ya muda huo mfupi zikachipuka humo aina zaidi ya 500 za furu. Aina hizo ziligawana kila riziki iliyokuwamo. Wapo wanaokwangua mwani kwenye mawe, wanaoponda konokono, wanaonyonya vijidudu vya majini, wanaowinda samaki wadogo. Yupo Haplochromis welcommei, ambaye riziki yake ni kubandua magamba ya wenzake. Na wapo wa kundi la Lipochromis, ambao chakula chao ni mayai na vifaranga vya furu wengine. Jike la furu hutunza mayai na vifaranga mdomoni mwake kwa wiki mbili hadi tatu. Hawa humshambulia mama huyo mpaka apokonywe watoto kinywani. Wote hao, mlaji na mliwaji, ni wana wa ziwa moja. Hawajazoeana hata kidogo. Wanakwepana, na ziwa linawapa nafasi ya kukwepana.

Hapo ndipo ushauri wa ufukweni unapoanguka. Mtu akisema "ziwa" anaona maji mamoja. Samaki anaona miamba ya Bumbire, mchanga, mafunjo ya kinamasi, tope la kina kirefu, na maji ya wazi yasiyo na kona. Furu wa miambani anaweza kuishi maisha yake yote bila kuvuka ukanda wa mchanga wa kwenda mwamba wa pili. Dagaa wetu anaishi kwa makundi makubwa kwenye maji ya wazi. Mfungie ndani ya vioo vinne atajigonga mpaka afe. Kambale mdogo anayeuzwa na watoto kwenye kopo anapendeza kwa miezi michache, kisha usiku mmoja anaanza kumeza majirani, na akipewa nafasi atafika mita moja na zaidi. Kamongo naye usimfikirie kabisa.

Dume la furu ana eneo lake, na analilinda kama Mhaya anavyolinda mpaka wa kibanja. Kule ziwani dume aliyeshindwa huogelea mita chache, akaondoka machoni mwa mshindi, na ugomvi ukaisha. Ndani ya tangi hana pa kwenda. Anabaki kona ya juu karibu na bomba la hewa, mapezi yamechanika, rangi imefifia, hali chakula. Baada ya siku kadhaa anaelea, na mwenye tangi anasema maji yalikuwa mabaya. Nimeshaona matangi ya namna hii mengi kiasi cha kuchoka na kisingizio cha maji.

Kuna jambo lingine linaloniumiza kuliko vifo, kwa sababu halionekani. Yupo furu aliyepewa jina la Mwalimu mwaka 1985. Leo anaitwa Pundamilia nyererei. Dume lake lina mgongo mwekundu, ubavu wa njano na mistari myeusi. Ana ndugu yake wa karibu, Pundamilia pundamilia, ambaye dume lake ni la bluu. Majike ya aina zote mbili yana rangi hafifu, na mtu wa kawaida hawezi kuyatofautisha. Kinachowatenga wawili hawa wanapoishi kwenye mwamba mmoja ni macho ya jike, anayemtambua dume wake kwa rangi. Mwaka 1997 Ole Seehausen, Jacques van Alphen na Frans Witte walieleza kwamba maji ya ziwa yanapochafuka na mwanga ukapungua, majike hushindwa kuchagua na aina zikaanza kuchanganyika. Majaribio ya matangini yalionyesha jambo hilohilo: ukiwasha taa ya rangi ya chungwa tupu, jike hamtambui tena wa kwake.

Sasa fikiria sebule yenye taa hafifu ya manjano, na ndani ya tangi furu wa aina nne wanaofanana waliozolewa kwenye wavu mmoja. Watazaana. Vifaranga watatoka wazima, nao watazaa. Mwenye tangi atashangilia na kuwagawia jirani. Aina zilizochukua maelfu ya miaka kutengana zimekorogwa ndani ya miezi michache, na hakuna anayejua. Ndiyo maana wafugaji makini wa Ulaya na Marekani, zikiwemo bustani za wanyama zilizochukua furu wetu ili wasipotee kabisa, huitengea kila aina tangi lake. Hao wanaishi mbali na ziwa hili, lakini wameliheshimu kuliko mshauri wa ufukweni.

Sisemi tufuge wa dukani tu. Kosa la upande ule nalo ni kubwa: samaki wa dhahabu anayependa ubaridi na kuchafua maji kuliko wote anatiwa pamoja na tetra wa Amazoni anayetaka joto na maji laini, kwa kuwa wote "ni wa mapambo". Huo ni uzembe uleule.

Furu wetu wanastahili kufugwa, na nawapendelea kuliko mgeni yeyote. Ila wachaguliwe kwa kuuliza maswali sahihi: anakula nini, atafikia ukubwa gani, anaishi sehemu gani ya ziwa, dume lake linafanana na nani. Kwa tangi la mita moja na robo hivi, mimi ningeweka aina moja ya furu wa miambani, dume mmoja na majike matano au sita, ili hasira za dume zigawanyike zisimwangukie jike mmoja. Ukitaka aina ya pili, iwe ya rangi na umbo tofauti kabisa, yenye chakula kinachokaribiana, nayo iwe na majike yake. Panga mawe mpaka karibu na uso wa maji, kwa namna ambayo samaki akiwa upande huu asimwone aliye upande ule. Gogogo wa aina ndogo wanafaa kuongezwa, wakiwa kikundi, wakipata mapango ya kulala mchana. Ila wataokota baadhi ya vifaranga usiku. Ukiingiza samaki mpya, vuruga mawe kwanza na uzime taa, ili wenyeji nao waanze upya.

Na usianze na samaki. Anza na maji. Tangi jipya linahitaji wiki nne hadi sita kabla bakteria wa kwenye chujio hawajawa wengi wa kutosha kuondoa sumu ya amonia inayotoka kwenye kinyesi na mabaki ya chakula. Maji ya bomba yatolewe klorini. Maji ya mvua, ambayo Bukoba tunayo tele, hayana madini ya kutosha. Yakitumika peke yake uchachu wake hubadilika haraka, na furu wamezoea maji yanayoelekea upande wa magadi. Halafu kuna baridi. Usiku wa Bukoba hushuka chini ya nyuzi 18, wakati maji ya ziwa ni nadra kushuka sana chini ya 23. Kwa hiyo hata huyo samaki wa hapa hapa, ukimweka kwenye vioo vyembamba bila hita, umempa maji ambayo ziwa lake halijawahi kumpa.

Samaki watakapozidi tangini, na watazidi, ndipo imani hii ya ziwa moja inapofanya madhara yake ya mwisho. Mtu anasema: si walitoka ziwani? Nawarudisha kwao. Hapana. Anarudisha machotara na magonjwa ya tangini. Gugumaji lililofunga mialo yetu, ambalo sehemu kubwa liliingia kupitia Mto Kagera mwishoni mwa miaka ya 1980, lilianza safari yake duniani kama ua la kupamba mabwawa ya watu. Wapeni majirani wenye matangi, au mwulizeni afisa uvuvi wa wilaya, ambaye pia mnapaswa kumwuliza kabla ya kuchukua furu wa miambani, maana aina nyingine zimebaki chache. Lakini msiwatie Mto Kanoni, msiwatie Mto Ngono, wala msiwarudishe ziwani.