Lawama ya Kihoto

Msomaji, jina la mahali aghalabu hubeba maana kubwa kuliko wanavyofikiri wale wanaolitaja kila siku. Katika lugha ya Kikuyu, kihoto ni haki iliyothibitishwa kwa hoja. Ni neno linaloshinda barazani kwa ukweli wake, wala si kwa nguvu ya sauti ya msemaji. Mtaa unaoitwa kwa jina hilo uko Naivasha, katika Kaunti ya Nakuru, kando ya ziwa. Mwaka 2020 maji ya ziwa yaliingia katika nyumba zake, na mwaka 2025 yakaingia tena. Watu kwa maelfu wakahama, wengine wakitolewa kwa mashua katika njia walizozoea kupita kwa miguu. Tangu siku hizo nimesikia hukumu moja ikirudiwa sokoni, katika matatu, na hata katika chumba cha walimu, ambamo ningetumaini kwamba maneno hupimwa kabla ya kutolewa: ati watu wa Kihoto walilivamia ziwa, na ziwa limejitwalia lililo lake.

Nataka kuipinga hukumu hiyo. Nusu yake ya pili ni kweli, na hapo ndipo ilipo hatari yake, kwa maana uongo wa nusu ya kwanza umepata mahali pema pa kujificha.

Tuanze na ziwa lenyewe. Liko mita 1,890 hivi juu ya usawa wa bahari, katika Bonde la Ufa, na maji yake ni matamu ingawa hapana mto unaoonekana ukitoka ndani yake; maji hupenya chini kwa chini. Mto Malewa, ushukao kutoka upande wa milima ya Nyandarua, ndio unaolilisha zaidi, na Mto Gilgil huusaidia. Kwa hiyo ziwa huishi kwa mvua ya milimani. Mvua ikizidi hupanda, ikipungua hushuka, na mahali ambapo ufuo ni tambarare, maji yakiongezeka kimo cha mtoto hufunika nchi ndefu. Mwanzoni mwa karne ya ishirini ziwa lilikuwa juu. Kufikia katikati ya miaka ya 1940 lilikuwa limeshuka mita kadhaa. Mvua kubwa za mwaka 1961 zikalipandisha. Ukame wa mwaka 2009 ukalishusha tena. Wamaasai hawakuhitaji vipimo vya mita ili wayajue hayo. Jina walilolipa, ambalo wageni waliligeuza kuwa Naivasha, lina maana ya maji yanayochafuka, maji yasiyotulia. Onyo lilikuwamo ndani ya jina.

Sasa tazama jinsi ardhi hiyo ilivyopata wenyewe wapya. Reli ilifika Nakuru mwaka 1900, na mwaka uliofuata ikafika ziwa la Viktoria. Hadi mwaka 1902 Naivasha ilihesabiwa kuwa ndani ya Uganda. Kisha mpaka ukahamishwa kwa kalamu, na watu wa Naivasha wakajikuta katika nchi nyingine bila ya kupiga hatua moja. (Mwanafunzi anayedhani kwamba mipaka huumbwa na milima na mito na atafakari jambo hili.) Mwaka huo huo sheria ya ardhi ya serikali ya kikoloni iliruhusu walowezi wakodishiwe mashamba kwa muda wa miaka 99, sheria ya mwaka 1915 ikaufanya muda huo kuwa miaka 999. Katika Agosti 1904, kwa mapatano yaliyotiwa sahihi na viongozi wa Wamaasai na Sir Donald Stewart, Wamaasai waliondolewa katika bonde hili, Naivasha ikiwamo, wakahamishwa wengine Laikipia na wengine kusini. Waliahidiwa kwamba mapatano hayo yangedumu muda wote ambao Wamaasai wangekuwapo duniani. Yalidumu miaka saba. Mwaka 1911 yaliandikwa mapatano mengine, na wale wa Laikipia nao wakasukumwa kusini. Walipokwenda mahakamani mwaka 1913, katika kesi ya Ole Njogo, waliambiwa kwamba mapatano yale yalikuwa kama ya dola na dola, na kwa hiyo mahakama haikuwa na uwezo wa kuyaamua. Watu waliotawaliwa kwa kila jambo jingine waligeuzwa kuwa dola huru kwa siku moja tu, siku waliyodai ardhi yao!

Wakati huo huo serikali hiyo hiyo ya London ilikuwa na kesi nyingine ya ardhi karibu na nyumbani kwake. Katika Ireland wakulima walikuwa wapangaji wa mabwana wenye mashamba makubwa ambayo mababu zao waliyatwaa zamani kwa vita na amri za wafalme. Kwa sheria ya mwaka 1903, serikali iliwakopesha wapangaji hao fedha wawanunue mabwana, wakalipa kidogo kidogo kwa miaka zaidi ya 60. Kumbuka tarehe, msomaji: mwaka 1903 mkulima wa Ireland anasaidiwa kuirudia ardhi, na mwaka 1904 mfugaji wa Naivasha anaondolewa katika yake. Nasi tulipofikia zamu yetu, mwaka 1962, mpango wa ekari milioni moja ulifuata njia iyo hiyo ya mkopo: mlowezi alilipwa, na Mwafrika akabaki na deni la kununua ardhi ambayo babu yake hakuwa ameiuza.

Lakini iko tofauti ambayo ndiyo iliyonifanya nivuke bahari kwa mfano. Ireland ilikuwa imepimwa kijiji kwa kijiji, kazi iliyokamilika mwaka 1846, na baada yake kila kipande kikaandikwa katika daftari pamoja na jina la aliyekikalia. Haikufanywa kwa upendo. Ilifanywa ili watu watozwe kodi. Hata hivyo madaftari yale ni wazi kwa kila mtu hadi leo, na kijana wa huko aweza kuonyesha ni nani aliyelima kiunga fulani zamani za babu wa babu yake. Kijana wa Naivasha hawezi. Hapa kwetu mashamba mengi ya walowezi yalinunuliwa na makampuni ya wananchi waliochanga fedha zao. Wanachama wakapigiwa kura za viwanja. Viwanja vikakatwa, vikauzwa, vikakatwa tena. Wengi waliochanga walikuwa watoto wa maskwota, ambao sheria ya mwaka 1918 iliwalazimisha kumtumikia mlowezi siku zisizopungua 180 kila mwaka ili waruhusiwe kukaa shambani mwake. Mtu aliyezaliwa katika hali hiyo, akionyeshwa kipande cha futi hamsini kwa mia na kuambiwa kwamba ni chake, je, atauliza ziwa lilikuwa wapi mwaka 1917? Atauliza kama karatasi ina muhuri.

Na muhuri ulikuwapo. Wakazi wengi wa Kihoto wanasema kwamba wana hati za kumiliki ardhi. Hati haiandikwi na mnunuzi. Mpimaji huweka alama, msajili hutia sahihi, serikali hupokea ada yake. Hapa ndipo ninapowakamata wale wanaosema kwamba mnunuzi angejua. Katika miaka ya 1930 wenye mashamba ya kando ya ziwa waliafikiana na serikali kwamba nchi inayoachwa wazi na maji waweze kuitumia kwa kilimo na malisho, lakini wasijenge juu yake majengo ya kudumu. Basi ilijulikana! Mlowezi mwenye maelfu ya ekari alijua kwamba ziwa hurudi, na serikali ilijua pamoja naye, ikaandika. Afisi zilizorithi mafaili hayo ndizo zilizotoa ruhusa za baadaye. Je, tumlaumu mfanyakazi wa shamba la maua kwa kutojua jambo lililolala katika kabati ambalo yeye hana ufunguo wake?

Wala Kihoto si peke yake. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 ilionyesha jinsi ardhi ya umma katika Kenya nzima, zikiwamo kingo za mito na nchi za majimaji, ilivyogawiwa watu binafsi kinyume cha sheria. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 62, imesema kwamba maziwa na mito ni ardhi ya umma. Ni sheria njema, lakini haikumwambia mwenye hati ya zamani aende wapi. Na maji yalipopanda, yalipanda pia Baringo, Bogoria na Nakuru; taarifa ya serikali ya mwaka 2021 ilihesabu karibu watu 400,000 walioathiriwa na kupanda kwa maziwa. Karibu na Kihoto, mahoteli na mashamba makubwa nayo yaliguswa na maji. Sijasikia mtu akisema kwamba mwenye hoteli alilivamia ziwa. Yeye husemwa kuwa amepata hasara.

Nitakubali yanayostahili kukubaliwa. Wako waliojenga wakijua, wakapangisha vyumba kwa watu wasiojua, na hao sina neno la kuwatetea. Nakubali pia kwamba ufuo ni wa ziwa: mafunjo huchuja udongo unaoletwa na mito, samaki huzaa humo, na kuta za mawe hazina kazi hapo. Watu watahama, na ni vema wahame. Ubishi wangu ni juu ya nani atakayelipa. Aliyeuza kiwanja alipata fedha, aliyekipima alipata fedha, aliyekisajili alipata ada. Mwenye kiwanja ndiye anayetakiwa kuondoka mikono mitupu na kuongezewa lawama. Mpaka wa ziwa na upimwe kwa maji ya juu kabisa yaliyopata kuandikwa, si kwa mwaka wa kiangazi, na ramani yake ibandikwe mahali ambapo hata mtoto wa shule ataisoma. Aliyepewa hati kihalali juu ya nchi hiyo alipwe au apewe kiwanja kingine. Na daftari lifunguliwe, lionyeshe nani alikikata kila kiwanja na mwaka gani.

Nilimweleza hayo mwalimu mwenzangu aliyeitoa ile hukumu. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwamba, hata hivyo, mtu mwenye akili hanunui ardhi mahali penye mafunjo. Nilimwuliza kiwanja chake mwenyewe kiko wapi, na kama ameona ramani ya mahali pale. Alisema kwamba ana hati.