Dodgers Walishinda, Lakini Kocha Wao Alikosea

Wasee, najua mtanitusi. Ni sawa. Lakini tangu ile Jumapili asubuhi ya Novemba 2, 2025 nina kitu kimenikwama kooni, na kila nikimwambia shabiki wa Dodgers ananijibu neno moja tu: "Tulishinda." Sawa, mlishinda. Bado nasema Dave Roberts alikosea kumrudisha Yamamoto uwanjani usiku ule.

Kwa wale hawajui besiboli, na hapa Kitui ni karibu nyinyi wote, nipeni dakika moja. Ni ile raunda tulicheza praimari, ila imepewa pesa. Mmoja anarusha, mwingine anapiga na gongo, akipiga vizuri anazunguka beisi mpaka arudi nyumbani. Kila timu inapata zamu 9, na mkitoka sare mnaongeza zamu mpaka mtu ashindwe. Hakuna cha dakika tisini. Tofauti kubwa na raunda ni mrushaji. Mpira unamtoka mkononi kwa kasi ya kilomita 150 kwa saa, na bega la binadamu halikuumbwa kwa hiyo kazi. Ndio maana mrushaji anayeanzisha mechi hupumzika kama siku nne ama tano kabla arushe tena. Shikeni hiyo.

Mimi huangalia kwa simu, kwa bando za usiku. Fainali, ile wanaita World Series, kwetu ilikuwa inaanza saa tisa usiku. Susu akiamka kuwasha moto ananipata nimejifunika blanketi, mwanga wa simu usoni, ananiuliza kama hao watu wa marungu bado hawajamalizana. Mechi ya tatu ndio ilimshangaza kabisa. Zamu 18! Ilianza saa tisa usiku, ikaisha saa nne kasoro asubuhi. Susu alikuwa ashaenda sokoni Kalundu na kurudi.

Hiyo mechi ya tatu ndio nataka tuanze nayo, kwa sababu hapo kuna kocha mwingine, John Schneider wa Toronto Blue Jays, na huyo mlimcheka. Shohei Ohtani wa Dodgers alikuwa amepiga mara nne: homurani mbili, na mbili zingine za kumfikisha beisi ya pili. Jamaa alikuwa moto. Schneider akasema basi, huyu hapigi tena leo. Sheria inaruhusu: unampa mpigaji beisi ya kwanza bure, unapambana na anayemfuata. Akampa bure mara nne. Mara ya tano hawakusema wanampa, lakini mipira yote minne ilipita mbali na gongo lake. Ohtani akamaliza usiku akiwa amefika beisi mara tisa.

Watu wakasema Schneider ni mwoga. Halafu Freddie Freeman akapiga homurani zamu ya 18, Dodgers wakashinda 6-5, na hapo ndio ikawa vibaya zaidi: ati uoga umemponza. Lakini hebu hesabuni na mimi. Hizo mara tano alizopewa beisi, Ohtani alirudi nyumbani mara ngapi? Sufuri. Hata moja. Freeman ndiye aliyeanza kupiga ile zamu ya 18, hakukuwa na mtu beisi. Kwa hivyo uamuzi wa Schneider ulifanya kazi yake yote, kwa saa kadhaa, halafu wakafungwa na mtu mwingine kabisa. Uamuzi mzuri, matokeo mabaya. Hiyo kitu hutokea, na sisi hatupendagi kuikubali.

Sasa turudi kwa Roberts.

Yoshinobu Yamamoto alikuwa mrushaji bora wa fainali nzima, hilo sibishani. Mechi ya pili alirusha zamu zote 9 peke yake, 5-1. Mechi ya sita, Oktoba 31, akarusha zamu sita, mipira 96, wakashinda 3-1. Kesho yake ndio mechi ya saba, ya mwisho. Mtu amerusha mipira 96 jana. Kwa kawaida huyo leo anakaa na barafu kwenye bega, anapiga makofi.

Roberts alimwanzisha Ohtani, ambaye alikuwa amepumzika siku tatu tu. Zamu ya tatu Bo Bichette akampiga homurani ya pointi tatu. Toronto 3-0. Mbona hii hamuiongelei? Kumrusha mtu aliyechoka kulianza kumgharimu Roberts mapema, usiku uleule. Lakini Dodgers wakarudi kidogo kidogo, na zamu ya 9, wakiwa wamebakisha kutolewa mara mbili tu waende nyumbani, Miguel Rojas, mtu ambaye hata si wa kupiga homurani, akapiga. 4-4. Nilipiga nduru mpaka mbwa wa jirani wakaanza.

Toronto wakaingia kupiga, wakaweka watu wawili kwa beisi, na Roberts akamwita Yamamoto. Na cha kwanza alichofanya Yamamoto? Akamgonga Alejandro Kirk na mpira. Beisi zote tatu zikajaa. Mpira uliofuata wa Daulton Varsho ukamwendea Rojas, akateleza kidogo, akarusha nyumbani, na Isiah Kiner-Falefa akatolewa kwa kitu kama upana wa kiatu. Angekuwa amesogea hatua moja zaidi kutoka beisi ya tatu, mechi imeisha, Toronto mabingwa. Kisha Ernie Clement akapiga mpira mrefu, na Andy Pages, ambaye alikuwa ameingizwa uwanjani dakika hiyohiyo, akaudaka huku akimpiga mwenzake kikumbo mpaka akaanguka.

Hiyo mnaita mpango?

Ngojeni, sijamaliza. Hapo zamu ya 9 naweza hata kumwelewa Roberts. Nyumba inaungua, unachukua maji yoyote. Lakini akamwacha zamu ya 10. Akamwacha ya 11, baada ya Will Smith kupiga homurani ya 5-4. Clayton Kershaw alikuwepo, kwenye usiku wa mwisho wa maisha yake ya uchezaji. Mtaniambia Kershaw ana miaka 37 na Vladimir Guerrero angempeleka mpaka paa. Labda. Lakini Guerrero alimpiga Yamamoto pia! Alifika beisi ya pili, akasogezwa ya tatu, bila mtu zaidi ya mmoja kutolewa. Mipira 34 siku hiyo juu ya 96 za jana. Mipira 130 kwa siku mbili, kutoka kwa bega ambalo Dodgers wamelilipia dola milioni 325 kwa miaka 12.

"Lakini alitaka mwenyewe." Ndio, najua. Mniambie mchezaji gani, fainali, mechi ya saba, ataulizwa kama anaweza akajibu hapana. Ndio maana kuna kocha. Kazi ya kocha ni kusema hapana kwa niaba ya mtu ambaye hawezi kuisema.

Sasa mtaniuliza kwa nini nawaka hivi juu ya bega la Mjapani tajiri huko Toronto.

Nikiwa fomu three, shule fulani huko Makueni, nilikuwa nikirusha mkuki. Waliniita Yego. Pia nilikuwa kwa timu ya mpira wa mikono, na hiyo michezo yote miwili huwa muhula wa kwanza, kwa hivyo mkono ni uleule. Nilianza kusikia kitu kama mchanga ndani ya bega. Nikamwambia mwalimu wa michezo. Akaniuliza, "Lakini unaweza?" Maze, niko na miaka 17, shule yote iko nje inaimba, basi la kwenda Wote linanguruma. Nikasema naweza. Nikarusha asubuhi, nikacheza mpira wa mikono jioni, kesho yake tena. Tulileta kombe. Nadhani bado liko kwa ofisi ya mwalimu mkuu. Mimi leo siwezi kuinua jerikeni ya lita ishirini kwa mkono wa kulia kupita kifua, na ukiishi Kitui unajua jerikeni si kitu ya kukwepa.

Na hakuna mtu alimuuliza yule mwalimu chochote, kwa sababu tulishinda. Wala mimi simchukii. Alinunuliwa soda na kila mtu. Kama tungepoteza, labda mzazi mmoja angeinua mkono kwa mkutano aseme huyu kijana mbona alichezeshwa hivyo.

Kitu inaniuma zaidi ni hii. Kwenye Little League, besiboli ya watoto, kuna sheria imeandikwa: mtoto wa miaka 12 haruhusiwi kupita mipira 85 kwa siku, na akirusha 66 au zaidi lazima akae siku nne bila kurusha. Si kocha anaamua, si mtoto, si basi linalonguruma. Inahesabiwa. Watoto wa Lugazi, hapo tu Uganda, walipoenda Marekani 2012 kama timu ya kwanza kutoka Afrika kwenye fainali za Little League, walihesabiwa hivyohivyo. Leo kuna warushaji wa Uganda waliosajiliwa na timu kubwa, kama David Matoma wa Pirates. Mimi naamini kabisa vijana wetu wana huo mkono. Mtu yeyote aliyewahi kuona mtoto wa Makueni akiangusha embe moja, ile moja anayoitaka, kwa jiwe moja kutoka barabarani, anajua naongea nini. Lakini nani anawahesabia?

Najua kuna mmoja atasema: wewe uliacha chuo, unatufundisha nini kuhusu maamuzi? Poa, hiyo pia iko. Video ikitazamwa na watu wengi naitwa jasiri, wiki ambayo hakuna anayeangalia naitwa mpotevu, na uamuzi ni uleule mmoja niliofanya siku moja. Kwa hivyo labda nina sababu zangu za kutopenda hilo jibu la "tulishinda."

Lakini nyinyi wa Dodgers, kabla mniandikie hilo neno tena, nijibuni swali moja. Zamu ya 11, mtu yuko beisi ya tatu, mwingine ya kwanza, Yamamoto anarusha mpira wake wa 130 kwa siku mbili, gongo la Kirk linavunjika na mpira unamwendea Mookie Betts moja kwa moja, anawatoa wawili, mechi imeisha. Kama ule mpira ungeenda mita mbili kushoto kwake, leo mngekuwa mnamuita Roberts nani?