Kabla binti yako hajaacha Fizikia

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye wodi ya watoto ya hospitali moja hapa jijini. Ghafla mashine ya oksijeni ikaanza kulia na taa nyekundu ikawaka. Muuguzi akamhamishia mtoto kwenye mtungi, kisha akapiga simu. Haukupita muda akaingia dada mmoja na begi la vifaa begani. Akafungua mashine kwa nyuma, akachomoa chujio lililojaa vumbi, akaweka jipya, akapima hewa inayotoka, akajaza daftari na kuondoka.

Mama wa mtoto, mkazi wa Mbagala, akaniuliza: "Yule naye ni daktari?"

Nikamwambia ni mhandisi wa vifaa tiba. Akashangaa. "Mimi najua wahandisi ni wale wa barabara na maghorofa."

Wazazi wengi tunajua hivyo hivyo. Lakini uhandisi ni mpana: kuna wa ujenzi, umeme, mitambo, kemikali, kompyuta, na huu wa vifaa tiba. Mashine ile huvuta hewa ya kawaida, huondoa nitrojeni na kumpelekea mgonjwa oksijeni. Anayeitunza lazima aelewe umeme, mgandamizo wa hewa na mwili wa binadamu.

Mama akatikisa kichwa. "Mkubwa wa huyu yuko kidato cha pili. Ameniambia mwakani anaacha Fizikia, eti ngumu. Nikamwambia sawa."

Wazazi, hapo ndipo pa kushtuka. Shule nyingi humruhusu mwanafunzi anayeingia kidato cha tatu kuacha Fizikia na Kemia. Mtoto wa miaka 15 anaamua kwa hasira ya mtihani mmoja, na mlango wa uhandisi unafungwa bila mtu kumwambia.

Akiendelea na Fizikia, Kemia na Hisabati na kufaulu, njia zipo. Baada ya kidato cha nne anaweza kuomba stashahada, kwa mfano DIT hapa Dar es Salaam au Chuo cha Ufundi Arusha. Akipitia kidato cha sita, tahasusi ya PCM ndiyo njia iliyozoeleka ya kwenda shahada. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha uhandisi tangu 1973, na Muhimbili wana shahada ya uhandisi wa vifaa tiba.

Kwa hiyo mwanao akisema Fizikia ngumu, usikimbilie kusema sawa, wala usimgombeze. Muulize ni mada gani inayomshinda. Nenda shuleni umwone mwalimu wa somo. Ada ya tuisheni ikikushinda, tafuta kijana wa mtaani aliyefaulu somo hilo amsaidie jioni. Na akitaka kufungua redio mbovu, hakikisha haiko kwenye umeme, kisha mwache aifungue.

Tulipoagana, mama yule alikuwa ameshatoa simu. "Ngoja nimpigie," alisema, "kabla hajarudisha kitabu cha watu."