Njia za Miguu na Baiskeli za Jambiani Zilindwe kama Huduma ya Afya

Mgonjwa wa kisukari au wa shinikizo la juu la damu anapotoka kliniki huondoka na vitu viwili: dawa na nasaha. Nasaha zenyewe zinafahamika. Apunguze chumvi na sukari, aache tumbaku, atembee kila siku. Kuhusu dawa, mfumo wa afya hujiuliza maswali mengi: kama ipo bohari, kama itafika kwa wakati, kama mgonjwa ataimudu bei yake. Kuhusu kutembea, ni nadra mtu kuuliza kama njia ya kutembelea ipo. Katika kijiji cha Jambiani, pwani ya kusini mashariki ya Unguja, swali hilo haliwezi tena kuahirishwa.

Jambiani ipo Wilaya ya Kusini, zaidi ya kilomita 50 kutoka Mji Mkongwe, na imejinyoosha sambamba na ufukwe kwa kilomita kadhaa. Maisha yake yamefumwa kwa njia nyembamba. Zipo zinazotoka baharini, zikapita baina ya nyumba na minazi, zikavuka barabara ya lami, kisha zikaingia maweni, kwenye makonde yanayolimwa juu ya ardhi ya mawe na kwenye mapango kama lile la Kuza. Njia hizo hupitwa na wakulima wa mwani, wavuvi wanaopakia samaki kwenye baiskeli, watoto wa skuli, wachungaji na wazee waendao msikitini. Siku hizi hupitwa pia na wapanda baiskeli zenye magurudumu mapana, zile ziitwazo baiskeli za milimani, wageni wakiongozwa na vijana wa kijijini. Unguja haina milima ya kutajika, lakini mawe na mashimo ya maweni humtosha mwendeshaji anayetaka kupima mapafu na mapaja yake.

Tishio linafahamika kwa kila aishiye pwani hiyo. Viwanja vya ufukweni hugeuka hoteli na nyumba za kupangisha, na kiwanja kikishapata mwenyewe hupata ukuta. Ardhi ya Zanzibar ni mali ya umma tangu miaka ya mwanzo ya Mapinduzi, na Sheria ya Umiliki wa Ardhi Namba 12 ya mwaka 1992 ndiyo inayoongoza namna ya kuitumia na kuimiliki. Mkaazi anaweza kuwa na minazi na nyumba, na mwekezaji anaweza kukodishwa ardhi. Njia iliyokanyagwa na vizazi vinne haina hati wala jiwe la mpaka, na aghalabu haionekani katika ramani ya kiwanja. Kwa hiyo inapozibwa huonekana kana kwamba hakuna kilichochukuliwa. Leo huzibwa moja, mwakani nyingine. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki kikijaa, kijiji kitajikuta kimekatwa na bahari yake upande mmoja na makonde yake upande wa pili.

Hili ni suala la afya. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Mwaka 2022, takriban asilimia 31 ya watu wazima duniani, yaani karibu watu bilioni 1.8, hawakufikia kiwango hicho cha chini. Faida za kufikia kiwango hicho zinajulikana vyema. Misuli inapofanya kazi huvuta sukari kutoka katika damu hata pale insulini inapokuwa dhaifu. Kwa mtu mwenye shinikizo la juu la damu, mazoezi ya kutembea haraka au kuendesha baiskeli, yakifanywa kwa wiki kadhaa mfululizo, huweza kushusha kipimo cha juu kwa milimita 5 hadi 8 za zebaki. Kiasi hicho kinakaribia kile kinachopatikana kwa baadhi ya dawa zikitumiwa peke yake. Mazoezi hayachukui nafasi ya dawa, na mgonjwa asiache vidonge kwa sababu anatembea. Lakini vidonge bila mwendo ni tiba nusu.

Kwa mtu wa kijijini, dakika 150 hazipatikani katika ukumbi wa mazoezi. Hupatikana katika safari za kawaida: nusu saa kwa siku, siku tano kwa wiki, kwenda konde na kurudi, kwenda pwani na kurudi. Njia fupi, yenye kivuli na isiyo na magari humfanya mtu atembee bila kujilazimisha. Njia hiyo ikizibwa, kinachobaki ni barabara kuu. Humo hupita daladala, magari ya watalii na pikipiki za kasi. Duniani, ajali za barabarani huua takriban watu milioni 1.19 kwa mwaka, na zaidi ya nusu yao ni watembea kwa miguu, wapanda baiskeli na wapanda pikipiki. Kumwambia bibi mwenye kisukari na macho yaliyofifia akafanye mazoezi pembezoni mwa lami ni kumtoa katika hatari moja na kumtia katika nyingine.

Huenda mtu akasema kuwa ukuta unaomlazimisha mwanakijiji kuzunguka unamwongezea mazoezi. Hoja hiyo haizingatii maji. Kilimo cha mwani wa biashara kilianza Unguja mwaka 1989, Paje na Jambiani vikiwa miongoni mwa vijiji vya mwanzo, na hadi leo wengi wanaokifanya ni wanawake. Kazi yao hupangwa na bamvua, pale maji yanapokupwa sana na mashamba kuwa wazi kwa saa chache tu. Tuseme njia ya mita 500 imezibwa na mkulima analazimika kuzunguka kilomita 1.5. Kwa mwendo wa kilomita 5 kwa saa, dakika 12 za kwenda na kurudi zimekuwa 36. Anaporudi amejitwika mwani ulioloa maji, mzigo unaobana shingo na mgongo. Huo umbali wa ziada ni uchovu, wala haumjengi mwili. Na yule mwenye nafuu kidogo ya fedha ataita pikipiki, akaacha kabisa kutembea.

Ipo hoja nyingine nzito zaidi. Hoteli huleta ajira, na umaskini nao ni chanzo cha maradhi. Kijana aliyepata kazi jikoni au katika bustani ya hoteli anaweza kumlipia mama yake nauli ya kwenda hospitali. Tena wapo wanakijiji waliouza majengo na minazi yao kwa hiari. Haya ni kweli, na utetezi wa njia usiokubali ukweli huo hautafika mbali. Lakini hakuna anayetaka hoteli zizuiwe kwa sababu ya njia. Kinachotakiwa ni ukanda wa mita mbili au tatu baina ya ukuta na ukuta, uachwe wazi kwa baiskeli, kwa mwenye mzigo kichwani na kwa machela ya mgonjwa. Mwekezaji hapotezi kitu cha maana. Wageni wake wenyewe huja kutafuta njia hizohizo, hukodi baiskeli na kumlipa kijana awaongoze. Kuzifunga ni kukata tawi ambalo utalii umelikalia.

Afrika Mashariki ina mfano wa kujifunzia. Mwishoni mwa miaka ya 1990, sehemu za msitu wa Karura jijini Nairobi ziligawiwa kwa waendelezaji wa majengo. Wangari Maathai na wenzake waliupigania, na tarehe 8 Januari 1999 walishambuliwa walipokwenda kupanda mti. Msitu ulibaki. Leo watu wa Nairobi hutembea, hukimbia na kuendesha baiskeli ndani yake, na chama cha jamii hushirikiana na serikali kuutunza. Karura inafundisha kwamba kuzuia ujenzi ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni alama za njia, usafi, ulinzi na kanuni za nani apite wapi, ili mwendeshaji baiskeli asimgonge mzee. Tofauti ni kwamba Karura ilikuwa na mipaka iliyochorwa. Njia za Jambiani zimo katika kumbukumbu za watu tu, na kumbukumbu haiwasilishwi kwa mpimaji ardhi.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuziandika. Kamati za shehia, pamoja na wakulima wa mwani, wavuvi na waongoza wageni, zinaweza kuzipita njia zote na simu zenye uwezo wa kurekodi mahali, kisha zikawasilisha ramani kwa halmashauri na Kamisheni ya Ardhi na kuomba njia hizo zitambuliwe kuwa za umma kabla kibali kipya hakijatolewa. Hatua ya pili ni kuitumia sheria iliyopo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Zanzibar ya mwaka 2015 inataka miradi ya aina hiyo ifanyiwe tathmini ya athari za mazingira, na wananchi wana nafasi ya kutoa maoni. Maoni yatolewe wakati ramani ingali karatasini. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa ukuta ukishajengwa, hakuna ufa wa kupitia.

Wahudumu wa afya wana sehemu yao. Muuguzi wa kituo anaweza kumuuliza mgonjwa anapita wapi anapotembea, akaandika majibu, na ripoti ya mwaka ikasema ni wangapi wameacha kutembea kwa kukosa njia. Daktari wa wilaya anaweza kuketi katika kikao cha tathmini na kusema hadharani kwamba njia ni huduma ya afya, kama kilivyo kisima. Wagonjwa nao waseme, kwani hakuna ajuaye njia kuliko anayeipita na mguu wenye ganzi. Sauti ya kliniki ina uzito katika vikao hivyo, kwa sababu haidai kiwanja wala fidia.

Nasaha ya kutembea ni rahisi kuandikwa kwenye kadi ya mgonjwa. Anayeiandika ana wajibu wa kuhakikisha kwamba, kutoka mlangoni mwa mgonjwa huyo hadi pwani, bado pana mahali pa kuweka mguu.