"Soma Gesi, Gesi Iko Kwetu"

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka, kila nyumba Kilwa Masoko, Kivinje na Somanga ina mshauri wa kozi. Wote wanamtakia kijana heri. Lakini baadhi ya ushauri huo unawapotezea watoto wetu miaka, na nadhani ni wakati ujibiwe.

Unaorudiwa zaidi ni huu wa gesi. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974, ikaanza kuzalisha umeme Dar es Salaam mwaka 2004: miaka 30 mizima. Mradi wa gesi kimiminika wa Likong'o, Lindi, nao umezungumzwa kwa zaidi ya muongo mmoja. Digrii ya miaka minne haiwezi kufuata ratiba ya namna hiyo. Tena visima vikishachimbwa na mtambo ukasimama, wanaohitajika kila siku ni watu wa mitambo, umeme, vipimo, uchomeleaji na usalama, na si wengi. Mhandisi mitambo akikosa nafasi kwenye gesi ataipata kwenye kiwanda cha saruji au bandarini. Aliyesomea petroli ana milango michache zaidi. Anayeipenda petroli kwa dhati aisome. Asiisome kwa sababu tu bomba limepita Somanga.

Wengine husema historia na akiolojia ni za walioshindwa sayansi. Inaniuma kulisikia hilo Kilwa. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingia Urithi wa Dunia mwaka 1981, yakatangazwa kuwa hatarini mwaka 2004, yakaondolewa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya ukarabati. Ukuta wa matumbawe na chokaa ukizibwa kwa saruji, unyevu hukosa pa kutokea na jiwe huanza kumomonyoka. Kulijua hilo kunataka kemia, na kuuzuia mmomonyoko wa ufukwe kunataka mtu aliyesoma bahari. Hiyo ni sayansi, na kazi yake haijaisha.

Kwamba ualimu una ajira ya uhakika, ilikuwa kweli enzi mhitimu alipokuwa akisubiri kupangiwa kituo tu. Sasa kuna usaili, na waombaji ni wengi kuliko nafasi.

"Chagua kozi yenye mkopo." Mkopo wa Bodi ya Mikopo ni deni, ukiajiriwa unakatwa asilimia 15 ya mshahara. Kukatwa kwa ajili ya kazi usiyoiweza ni mzigo mara mbili.

Na uvuvi eti hauhitaji shule. Bandari ya uvuvi ya Kilwa Masoko, iliyowekewa jiwe la msingi mwaka 2023, inataka mafundi wa majokofu na injini, na wapimaji wa ubora wa samaki katika maabara. Wakala wa mafunzo ya uvuvi, FETA, una kampasi Mikindani, hapo jirani Mtwara, na stashahada yake si aibu kwa mtu yeyote.

Wazazi wenzangu, kabla mtoto hajatuma maombi, someni naye mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) muone kila kozi inataka masomo gani. Kisha mtafutieni mtu mmoja anayeifanya kazi hiyo, amuulize anashinda akifanya nini tangu asubuhi. Na aliye kidato cha nne aulize sasa, kabla ya kuchagua tahasusi, kwa sababu uhandisi bila fizikia na hisabati hautampokea.