Taa ya Puani na Vumbi la Gitting

Mafua ya mzio hayaletwi na virusi, wala hayaambukizwi kwa kushikana mikono. Ni hali ambayo kinga ya mwili hukipiga vita kitu kisicho na madhara, kama vile chavua ya nyasi, kinyesi cha utitiri uishio katika magodoro, au magamba ya ngozi ya mifugo, na katika vita hivyo seli za utando wa pua humwaga histamini, yaani kemikali inayouvimbisha utando, kuchuruzisha kamasi nyepesi na kuleta chafya za mfululizo. Katika Gitting, chini ya Mlima Hanang, visababishi hivyo havitafutwi mbali. Anayepepeta maharage hufunikwa na makapi kila upepo unapogeuka, mchungaji hurudi jioni nyuma ya ng'ombe akiwa na vumbi hadi kwenye kope, na moshi wa kuni, ambao kwa kweli si kisababishi cha mzio, huuchokoza utando uliokwisha kuvimba.

Maradhi haya hayaui, na pengine ndiyo sababu hayahesabiwi. Hata hivyo, mwongozo wa kimataifa uitwao ARIA, uliochapishwa mwaka 2001 kwa ushirikiano na Shirika la Afya Duniani, hauyapimi kwa wingi wa kamasi, bali kwa kile yanachomnyang'anya mgonjwa: usingizi, kazi, masomo na michezo. Mtoto aliyepumulia mdomo usiku kucha husinzia darasani akaitwa mvivu, na mzazi wake, akiulizwa kama mtoto ni mgonjwa, hujibu kuwa ni mafua tu.

Kwa watu waliochoshwa na hali hiyo, tiba ya mwanga ina mvuto, na asili yake si ya kubeza, kwa kuwa Niels Finsen wa Denmark alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1903 kwa kutibu kifua kikuu cha ngozi kwa mwanga. Kuhusu pua, watafiti wa Szeged, nchini Hungaria, walichapisha mwaka 2005 matokeo ya wagonjwa 49 waliomulikwa ndani ya pua mara 3 kwa wiki kwa wiki 3, kundi moja kwa mchanganyiko wa mwanga wa kawaida na mionzi ya urujuanimno, ile isiyoonekana ambayo pia huunguza ngozi juani, na kundi jingine kwa mwanga hafifu wa kawaida. Waliopata urujuanimno walipungukiwa zaidi na chafya, muwasho na kamasi, kwani mionzi hiyo hudhoofisha seli zinazochochea mzio. Vifaa vidogo vya mwanga mwekundu vinavyouzwa kwa matumizi ya nyumbani ni kitu kingine kabisa, ingawa wauzaji hupenda kuvichanganya.

Safu hii haioni sababu ya mkazi wa Gitting kuianza safari yake na taa. Tiba inayomtaka mgonjwa afike kliniki mara 3 kwa wiki humgharimu mkulima siku za shamba na nauli, ilhali dawa ya kupuliza puani yenye steroidi, ambayo hutuliza uvimbe ikitumiwa kila siku na ncha yake ikielekezwa upande wa sikio badala ya ukuta wa katikati ya pua, ina ushahidi mpana zaidi. Tatizo ni kwamba wengi huiacha siku ya tatu kwa kuiona haifanyi kazi, wakakimbilia matone ya kuzibua pua papo hapo, ambayo yakitumiwa mfululizo zaidi ya siku chache huifanya pua izibe upya na kwa ukaidi zaidi.

Na kwa mwenye ualbino, ambaye ngozi yake haina kinga ya kutosha dhidi ya urujuanimno, taa ya mionzi hiyo isinunuliwe wala kujaribiwa kabla daktari hajamwona.