Watakaochaguliwa Tu

Nimechoshwa na sentensi moja: "Watakaochaguliwa tu ndio watakaojulishwa." Imekaa chini ya matangazo ya ufadhili wa masomo ya nje, nasi tunaipita kana kwamba ni amri isiyopingika. Mimi naiita utovu wa adabu.

Niliomba ufadhili wa uzamivu mwezi Novemba, huku naandika tasnifu yangu ya uzamili hapa Dar es Salaam. Nilipotuma tu, barua pepe ya kunishukuru iliingia kabla sijafunga kompyuta. Kumbe mashine yao inalijua jina langu. Sasa ni Juni. Inashindwaje kuandika "hapana"?

Wanaotuhimiza tuwe na subira hawailipii. Pasipoti, shilingi 150,000. Matokeo ya IELTS huhesabika kwa miaka 2, baada ya hapo unalipa na kufanya upya. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita. Nikilipa leo na jibu likaja keshokutwa, hela hiyo hairudi. Shule moja Dodoma imenipa nafasi ya kufundisha kwa mkataba, na imenitajia siku ya mwisho ya kuitikia. Shule ya kata, haina hata mashine ya kudurufu, lakini tarehe inayo.

Mjomba ameacha kuniuliza. Hilo linaniuma kuliko kodi.

Sidai kupendelewa. Tajeni siku ya majibu, na siku hiyo mtuandikie sote, walioshindwa pia, hata mstari mmoja. Watu wa Dodoma nawajibu Ijumaa.